Kaka Vikopo na Nafasi ya Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30, fundi wa cherehani wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakoishi. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote tunamwita Kaka Vikopo. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nimekaa naye chumba kimoja miaka ishirini na sita, kwa hiyo nitajitahidi.

Aliitwa asubuhi moja kutengeneza cherehani moja tu, katika chumba cha ushonaji kilicho nyuma ya chumba cha kufulia, humo tunamoshona mashuka, mapazia na gauni za wagonjwa. Mkuu wa washonaji wa wakati huo alimpa chai, akamwonyesha cherehani nyingine saba zilizokuwa zinakohoa, akamwomba arudi kesho. Hajaacha kurudi. Kwa miaka yote hiyo hakuna cherehani iliyolala mbovu siku mbili. Akiwa kwenye korido husikia sindano iliyopinda, huingia bisibisi iko mkononi, na huenda moja kwa moja kwa mwenye kosa. Sisi sote tumejifunza kwake kusafisha mashine na kuzitia mafuta, wengine kwa kupenda, wengine kwa kufokewa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wake. Kaka Vikopo hukusanya vifaa vya cherehani za zamani: miguu ya kubadilisha, vifaa vya kutia marinda, vya kushonea matundu ya vifungo, vya kukunjia pindo, na bobini za kuzungushia uzi, za maumbo ambayo hakuna cherehani iliyo hai inayoyakubali. Huvitunza kwenye makopo ya maziwa ya unga na vikopo vya rangi ya viatu, kila kimoja na karatasi yake juu. Kabati lililoandikwa “Vifaa vya Dharura” limejaa vikopo hivyo, na dharura yenyewe hatujaiona. Mfanyakazi mpya huambiwa mambo mawili siku ya kwanza: mlango wa dharura ni ule pale, na kamwe asimuulize Kaka Vikopo hiki ni nini, maana jibu litamaliza muda wa chakula cha mchana.

Kifaa kikipatikana lazima kijaribiwe, na hapo ndipo hospitali ilipoteseka. Mwaka alioleta kifaa cha marinda, foronya arobaini zilikwenda wodi ya upasuaji ya wanaume zikiwa na marinda pande zote nne. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo aliandika barua kali kudai maelezo. Wiki iliyofuata muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake aliandika barua kali zaidi, akiuliza kwa nini wanaume tu. Nacho kitambaa cha meza ya mkurugenzi kina matundu sita ya vifungo mpaka leo, yameshonwa vizuri mno. Mkurugenzi ni wa tatu sasa na hajauliza.

Lakini roho yake iko kwenye sanduku moja dogo la mbao. Ndani lina mahameli nyekundu na nafasi kumi na mbili, kila moja imechongwa kwa umbo la kifaa chake. Alilipata kwenye meza za mitumba likiwa na vifaa viwili, akatafuta hadi vikawa kumi na kimoja. Ikabaki nafasi ya kifaa cha kukunjia pindo jembamba. Hapo mkewe, ambaye sisi washonaji tunamwita wifi, akamwekea sharti: siku sanduku litakapojaa, kuzurura kwenye mitumba basi. Alikubali na kuapa. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi, hao wawili huonekana kwenye meza za vyuma chakavu, mume ameinama, wifi amesimama analalamikia jua. Na kila Jumatatu tulitangaziwa kwamba kifaa bado hakijapatikana, nasi tulimpa pole kama ya mfiwa.

Kwa hiyo tulipotafuta zawadi ya kumuaga, hatukuumiza kichwa: tujaze nafasi ile. Laiti tungalinunua saa ya ukutani. Kwa miezi miwili watu wenye akili zao walipekua mitumba ya mji mzima. Dereva wa gari la wagonjwa alileta kipande cha mashine ya kusagia nyama. Mtu wa maabara alileta kitu kizuri, chembamba, kinachong'aa, tukashangilia, mpaka daktari wa meno alipokitambua kuwa ni chake.

Wiki tatu zilizopita nilipewa kazi ya kuorodhesha kabati kwa ajili ya makabidhiano. Nyuma kabisa kulikuwa na kopo lililoandikwa “Misumari mibovu”. Fundi huyu hajawahi kutunza msumari mbovu, kwa hiyo nililifungua. Ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta, kilikuwamo kifaa cha kukunjia pindo jembamba. Nilikijaribu kwenye sanduku, kikaingia bila kusukumwa. Karatasi yake ilikuwa na tarehe kwa mwandiko wake mwenyewe: alikipata mwezi wa pili baada ya kula kiapo. Wahenga husema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Huyu alipata, akakataa kuchoka, akatudanganya karibu Jumatatu elfu moja.

Nilikasirika, sifichi. Foronya nilishamsamehe, lakini pole zangu zote zile! Nikaenda nyumbani kwake kumshtaki kwa wifi. Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akarudi na kopo lake la vifungo. Chini ya vifungo kulikuwa na kifaa kingine cha aina hiyohiyo. Alikinunua mwenyewe, mwaka wa tatu wa kutafuta, mumewe alipokuwa amegeuka kubembeleza bei ya bobini. Alikusudia kumpa kesho yake, ikawa Jumamosi ijayo, ikawa hivyo. Aliniambia wamelea watoto watano na wazazi wanne, na Jumamosi asubuhi ndiyo saa pekee waliyowahi kutembea wawili tu. Hakuona sababu ya kuiua saa hiyo kwa kipande cha chuma. Kisha akanikataza kudondoshea machozi vifungo vyake, vitapata kutu.

Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti moja: yasomwe akiwa ameketi karibu na mumewe, upande wa mlango.

Kamati ya zawadi imekaa upya na kuamua kwa kauli moja. Sanduku anarudishiwa kama tulivyolijua, vifaa kumi na kimoja. Kopo la misumari mibovu limefunikwa, la vifungo nalo limefunikwa, na sisi hatukuona kitu. Tumeongeza mwavuli mmoja wa kutosha watu wawili, ili wifi apumzike kulalamika.

Asante, Kaka Vikopo, kwa kila cherehani uliyoifufua, kwa marinda, na kwa kutuvumilia. Kifaa bado hakijapatikana, poleni sana. Tunawatakia Jumamosi njema, zote mlizobakiza.