Sahani ya Maini ya Kondo

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni ya Kilosa, na kahawa anatuuzia Joha. Tangu mambo yawe ruksa na mitumba ijae sokoni, kila kijana mjini alikuwa na singlendi ya kuonyesha mkono, lakini mkono wenyewe alikuwa nao Kondo peke yake. Mazoezi yake ya kunyanyua vyuma aliyafanya kwa ekseli ya toroli la reli, magudumu yakiwa bado yako palepale. Jioni ninayosimulia, kesho yake alikuwa anapambana na mbeba vyuma wa Mikumi, yule aliyemshinda mwaka uliopita mbele yetu sote, aibu ambayo mimi nilikuwa bado nayo moyoni. Basi jioni ile tukamchangia sahani ya maini ya kukaanga. Tatizo, Kondo alikuwa ameacha nyama. Alikuwa anamchumbia Filomena wa Chanzuru, na nyumba ile ni Wasabato wasiogusa nyama kabisa. Alimwahidi baba mtu kwamba atakula kama wao.

Wa kwanza kumsogezea sahani alikuwa Rafaeli, mwenye kibanda cha kuonyesha video. Tunamwita Video.

VIDEO: Kula, mshkaji. Nyama inajua njia yake mwilini. Ukila paja, inakwenda kwenye paja.

KONDO: Na haya maini?

VIDEO: Haya yanakwenda kila mahali. Ni kama katibu kata.

Mzee Kasiani alikohoa. Amestaafu reli, na tunamwita Breki kwa kuwa akianza kusema hasimami.

BREKI: Muache kijana wa watu. Nenda pale mbugani Mikumi ukamtazame tembo. Anang'oa mti na mizizi yake. Umewahi kumkuta buchani?

VIDEO: Mzee wangu, tembo anakula kutwa nzima. Kondo naye akila majani kutwa, chuma atakinyanyua saa ngapi?

BREKI: Ndiyo maana kuna maharage. Maharage yana gesi. Gesi kazi yake kupanda juu, na huyu kijana kazi yake kupandisha kitu juu. Wanasaidiana.

Tulicheka mpaka Joha akaweka birika chini. Huku anasema, Breki alikuwa anachukua kipande cha ini, "kuonja chumvi tu."

Ndaki, mfugaji wa Msowero tunayemwita Mnada, alingoja tunyamaze.

MNADA: Mnagombana bure. Ng'ombe anakula nini?

VIDEO: Majani.

MNADA: Basi nyama ni majani yaliyokwisha kutafunwa. Ng'ombe wangu kamfanyia Kondo nusu ya kazi, na nyie mnamdharau.

BREKI: Wewe Mnada unakula nyama kila siku?

MNADA: Nani, mimi? Nakula ugali na maziwa. Ng'ombe nikimla, nitachunga nini?

BREKI: Umesikia, Kondo? Mwenye ng'ombe mwenyewe hali.

Akaonja chumvi tena. Kondo hakucheka.

KONDO: Wazee wangu, nisikilizeni. Kesho nikishindwa, mtasema ni maharage. Na maharage yale anapika mama mkwe. Nikila haya maini nikashinda, nitamtazamaje baba yake Filomena?

VIDEO: Atajuaje? Hapa tuko wenyewe.

Nilimwona Kondo anameza mate. Mkono ukatoka mfukoni, ukakaa gotini. Roho iliniuma, maana na mimi nilikuwa nataka ale.

Ghafla Joha akasema, "Karibu, mwanangu." Filomena alikuwa anatoka sokoni na kikapu chake. Akatuamkia shikamoo, tukaitikia marahaba kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Akamtazama mchumba wake, akatazama na vidole vya Breki vyenye mafuta.

FILOMENA: Eti baba zangu, mwaka jana aliposhindwa, mlikuwa mmemlisha nini?

Video aligeuka kutazama reli kana kwamba kuna treni inakuja. Mnada akakoroga kahawa isiyo na sukari. Mimi nilimkumbuka yule mbuzi mzima tuliyemchomea Kondo, pamoja na bakuli la supu, na ekseli ambayo haikuvuka magoti.

Kondo akasimama, akampokea Filomena kikapu. Wakaondoka.

"Haya, maini tuyafanyeje?" Video akauliza, akaivuta sahani. Ilikuwa tupu. Sote tukamgeukia Breki, aliyekuwa anafuta midomo kwa kofia.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Nilikuwa namwondolea mtoto majaribu."