Victorine Nsimire, Aliyekaa Kati ya Wake na Wajane
(1984–2025)

Ndugu, jamaa na majirani wa Bellevue, asanteni kwa kuja. Mimi ni Arlène, mdogo wake marehemu, na katika jiji hili zima mimi ndiye upande wote wa nyumba ya baba yetu. Nimepewa kusoma maisha ya dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu.

Victorine Nsimire alizaliwa tarehe 3 Februari 1984 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu baba Cirhuza na mama Cibalonza. Mama anatusikiliza sasa hivi kwa simu, kama mtandao haujakata.

Alisoma shule ya msingi Kadutu, kisha akaingia sekondari ya ushonaji, akapata diploma yake mwaka 2003. Masomo ya hesabu hayakumpenda, naye hakuyabembeleza. Kitambaa alikielewa. Alikuwa akimtazama mtu kiunoni mara moja, anakata, na nguo inakaa.

Mwaka 2006 alikwenda Lubumbashi kwa mjomba, na mwezi Septemba 2007 akaamua kuja Johannesburg. Tiketi alikuwa nayo mkononi. Basi likawasha injini, Victorine akasimama chini na begi lake. Kondakta akamwita, abiria wakamwita, yeye akasema, "Roho inakataa." Basi likaondoka bila yeye. Sote tulitegemea kusikia ajali. Basi lile lilifika salama, wala tairi halikupasuka, na pesa ya tiketi ikapotea. Lakini akisubiri basi lingine alikaa benchi moja na kijana aliyekuwa akila karanga peke yake, jina lake Ruphin Kajangu. Kila nilipomtania kuhusu basi lile, alijibu kwamba roho haikumwambia kuna ajali, ilimwambia asipande tu. Aliishi hivyo maisha yake yote. Aliisikiliza roho yake bila kuidai maelezo, na ilipomkosesha hakuikasirikia.

Hapa Johannesburg alianza kazi Jeppestown, katika chumba cha mafundi wengi, mashine zikipiga kelele kutwa. Baadaye alihamia Bellevue, akashonea katika chumba cha mbele cha nyumba alimolala. Wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake siku za arusi zenu.

Alifunga ndoa na Ruphin tarehe 5 Desemba 2009. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa Bukavu na wazee wetu. Ruphin alikuwa mlinzi kule Newtown, mtu mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kuhadithia. Mwaka 2011 walimpata binti yao, Héritière.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2013 Ruphin aliaga kwamba anakwenda Polokwane kuangalia kazi, atarudi Jumatatu. Jioni alipiga simu kusema amefika. Baada ya hapo simu ilizimwa, na haijawahi kuwaka tena. Victorine alimtafuta polisi, hospitalini, na katika vyumba vya maiti, akiwa amemfunga mtoto mgongoni. Hakupatikana akiwa hai, hakupatikana akiwa amekufa. Kilichomuumiza zaidi dada yangu ni kwamba asubuhi ile hakuhisi kitu. Alimchemshia chai, akamwangalia akishuka ngazi, na roho yake ilinyamaza kabisa.

Miaka ikapita. Mwaka 2017 familia ya Ruphin ilipiga simu kutaka kilio kifanywe, Victorine anyoe nywele na kuvaa nyeusi, jambo liishe. Waliomba kwa upole, nao walikuwa na uchungu wao. Nilikuwepo alipowajibu. "Siwezi kulia maiti yenye roho yangu haijaniambia," alisema. "Na siwezi kuwaambia ni mzima. Mi sijui. Mniache na kutojua kwangu." Alikata simu, akarudi kwenye mashine, na sindano ikamchoma kidole mara mbili.

Kanisani kwetu wamama walioolewa wana sare yao ya bluu, na wajane wana yao ya zambarau. Kila mwisho wa mwezi kikundi husimama mbele na kuimba. Pasta Elisée alimwomba Victorine achague, akimweleza kwamba wajane husaidiwa. Hakuchagua. Sare zote mbili alizishona yeye, na alijua kiuno cha nani kimeongezeka, lakini yeye mwenyewe hakuvaa hata moja. Vikundi vilipokwenda mbele, alibaki benchi la mlangoni na wachelewaji. Alikuwa mpweke, wapendwa. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema.

Mwaka jana alianza kuumwa. Kliniki ilimpa dawa za tumbo, lakini roho ilimkatalia, akarudi tena na tena hadi wakampima vizuri, wakakuta kansa ya mfuko wa uzazi. Daktari alishindwa kusema ni miezi au miaka. Tulipokuwa kwenye teksi tukirudi mimi nililia, yeye akanipa leso. "Docteur hajui," aliniambia. "Si kitu. Mi na kutojua tulishazoeana."

Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, asubuhi, Héritière akiwa amemshika mkono.

Kwa desturi yetu, mama akifa kikundi chake humwosha, humvika na kumwimbia hadi kaburini. Kila kikundi kilidhani ni zamu ya kile kingine, kwa hiyo tulimwosha sisi wawili, mimi na mtoto. Juzi Mama Chloé, kiongozi wa wamama walioolewa, alinipigia kwa heshima kuuliza tuandike mke au mjane kwenye ratiba ya mazishi, ili wajue nani avae sare. Nilimwomba asubiri kwenye simu. Héritière, ambaye Kiswahili hukisikia na kujibu kwa Kiingereza, alinishika mkono akasema kwa Kiswahili, "Andika Papa." Mama Chloé alisikia, akaelewa kwamba tuandike jina la Ruphin tu, bila mke wala mjane. Ndiyo maana leo wamama wote mmekuja na nguo za kawaida, na mnaimba pamoja.

Marehemu ameacha mama mzazi, wadogo watatu, na binti mmoja. Ameacha na mume, Ruphin Kajangu, kama yu hai. Kama alitangulia, wameshaonana, na yaya anajua tusilolijua. Kama yuko mahali fulani, basi leo amekuwa mgane, na hakuna wa kumwambia.

Mungu akupumzishe, yaya. Huko uendako hakuna atakayekuuliza mumeo yuko wapi.