Pateni za Duka la Mama

Kaeni karibu mnisikie, wanangu, na wewe Wesley funga huo mlango, maana mkeo Lynette anaanikanga nguo hapo nje tangu asubuhi na kamba imejaa kitambo. Hospitali wamenirudisha nyumbani nanyi mnajua kwa nini, kwa hivyo mtu asiniambie nitapona.

Shamba baba yenu aligawa. Vyerehani, kila mtu abaki na vya duka lake: Wesley la Matete, Maurine la Shirere, Onesmus la Iguhu. Mnachokodolea macho hapa kitandani ni sanduku la pateni, zile karatasi ngumu za kukatia yunifomu, na ndiyo, nimelilalia, kwa sababu siwaamini.

Shule zilitupendea jambo moja, kwamba mtoto akinunua shati Matete na mwenzake anunue Iguhu, wakisimama mstarini huwezi kuwatofautisha. Juzi mwalimu mkuu aliniletea mashati matatu ya saizi moja, moja kutoka kila duka, akayatandaza hapa, na hakuna kola iliyofanana na nyingine. Niliona aibu, wanangu. Nilimshuku Onesmus kwanza, kwa vile anachekanga sana. Kumbe ni nyote. Wesley, kiburi kilikuzuia kuja kwangu, ukakata pateni yako kwa kuizungushia chaki pateni ya Maurine. Onesmus naye akazungushia ya Wesley. Na chaki hupita nje ya karatasi, kwa hivyo kila nakala ikanenepa kuliko mama yake. Na wewe Maurine ulichongoa kola makusudi, ati wasichana wa Shirere wanaipenda hivyo. Pengine ni kweli. Lakini ulimwambia nani?

Basi shikeni haya. Sanduku likae kwa Maurine, ufunguo kwa Wesley. Najua hamjasemezana tangu Krismasi, mtasemezana. Onesmus apite madukani kupima kazi, bila kupiga simu kwanza, maana mkijua anakuja mtaficha. Nakala itokane na hizi za sandukuni tu. Anayetaka kubadilisha kitu, hata kifungo, ashone moja, amvalishe mtoto akacheze nayo, kisha ailete mbele ya wenzake; wakikubali, mkate upya nyote, wakikataa, aiache, asinong'one na wateja.

Ngojeni nipumue.

Mungu awabariki. Awape wateja, awape watoto wanaosikia kuliko nyinyi. Nawapenda, hilo msilitilie shaka, hata kama mimi nawatilia.

Bado nguo yangu ya kuzikiwa. Pateni yake imo humu, juu kabisa. Wesley akate na kushona mwili, Maurine mikono, Onesmus kola, kila mtu dukani kwake, mtu asichungulie ya mwenzake. Mje muunganishe hapa, siku ya kunivalisha. Ikikataa kuingiana... msirekebishe. Nivalisheni hivyo hivyo, na jeneza... liacheni wazi.