Shehena ya Mwisho ya Keziah

Sogeeni, wanangu. Dorcas, kaa hapa nikuone, nawe Ambrose mzime huyo mtangazaji wa redio. Yeye kesho atakuwepo, mimi sina hakika.

Nyumba hii ya mlinzi wa malango si yangu kuigawa. Ni ya ofisi ya mifereji, nayo itawaletea rambirambi na amri ya kuhama ndani ya bahasha moja ili kuokoa stempu. Kilicho changu ni mashua ya mbao, Keziah, mwenye jina la nyanya yenu, na nimesikia minong'ono ya jikoni kwamba atauzwa ageuzwe mgahawa. Nasema hapana.

Babu wa babu yangu na wenzake waliuchimba mfereji huu kwa sepetu, wakatandaza udongo wa mfinyanzi, wakapitisha ng'ombe waukanyage usivuje, kisha wakajenga malango saba ya kuzuia maji na kuipandisha mashua kilimani kama mtu apandaye ngazi. Makaa yakapanda, unga ukashuka. Lakini wazee wale hawakuwaamini wakubwa, wakadai iandikwe katika sheria: mradi chombo chenye shehena kinapita malango yote walau mara moja kwa mwaka, hakuna awezaye kuufukia mfereji. Reli ikaja ikameza mizigo. Sisi tukabaki na sheria na gunia la viazi, na kila mwaka Keziah akapita nalo, huku Bwana Yelland wa ofisi amesimama ukingoni akituombea tuzame, kwa maana walitaka barabara hapa.

Ndipo mwaka mmoja ofisi ikayafungulia maji yote yatoke "kwa ukaguzi", ukaguzi usiokwisha, hadi Desemba ikatukuta na tope. Akaja Silas Pargeter, jirani tuliyenuniana naye tangu baba yake aseme mfereji unamlowesha malisho, ana farasi wanne na magogo ya kuiviringishia mashua. "Sikupendi, Tranter," akaniambia, "ila barabara naichukia zaidi." Kijiji kizima kikashika kamba, mchungaji mbele, mwenye baa nyuma, na penye vizingiti vya mawe tukalaza mbao, tukamburuta Keziah ndani ya malango makavu.

"Tranter! Maji yako wapi?" Yelland akafoka.

"Yatafute katika sheria, bwana. Imetaja chombo, imetaja shehena, imetaja malango. Maji mmeyatoa ninyi."

Akaisoma, akageuza ukurasa, akachungulia hata nyuma yake. Mvua ikaanza, mke wa Pargeter akamwambia, "Kofia imelowa, Bwana Yelland. Maji si hayo!" Tulipofika lango la juu kengele za kanisa zililia kama za harusi. Kesi ikafika kwa jaji, akaamua haki ni yetu, maji yakarudi, waziri akaja kukata utepe na kutangaza kwamba serikali imeuokoa mfereji. Pargeter alinikanyaga mguu nisicheke.

Lakini sikilizeni: sheria ile haijafutwa. Mashua za starehe hazibebi shehena ila mvinyo, nao haufiki lango la tatu. Mwaka huu nimelala hapa, Keziah hajapita, Desemba inakwisha, na ofisi ina mkuu mpya anayependa barabara. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ambrose, usisukume lango kabla maji hayajalingana pande zote. Ukingoja, hata mtoto atalifungua kwa mgongo. Fanya vivyo hivyo ukigombana na dada yako. Keziah ni wenu wawili. Wajukuu wa Pargeter wapande humo wakitaka, ila wasishike usukani, wamerithi macho mabovu ya babu yao.

Nipe maji, Dorcas... Basi.

Msinichukue kwa gari. Jeneza liwe ndani ya Keziah, mnipandishe malango yote saba hadi kanisani, kabla mwaka haujaisha. Chombo, kimepita. Shehena... ni mimi. Na gunia la viazi miguuni, wasije wakabisha kama maiti ni shehena.

Mungu awalinganishie maji, wanangu, mbele na nyuma... Pole pole, Ambrose... Ngoja yalingane... Haya. Fungua.