Libérata Mapendo na Shamba Lake la Mushaki

Mama na Papa mliokuja kutushika mkono, Baba Padri, majirani wa Mushaki na ndugu mliotembea kutoka Buleusa, familia imemtuma Théophile, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kama sauti yake itapanda mahali fulani mumvumilie, maana anayosoma yanauma.

Libérata Mapendo alizaliwa Buleusa, teritware ya Walikale, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa Papa Zéphyrin, mkulima na mwindaji. Alisoma shule ya msingi Kibua kuanzia 1980 hadi 1986, akapata sertifika kwa alama za juu, kisha akasimamishwa mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu karo ya nyumba nzima ilitosha mvulana mmoja tu, na mvulana huyo ndiye anayewasomea leo.

Mwaka 1995 alifika Mushaki kwa shangazi yake, akajifunza kutengeneza fromage, jibini ya maziwa ya ng'ombe, akaiuza kando ya barabara ya Sake mvua na jua, hata tarehe 22 Julai 2011 akanunua kwa jasho lake lile shamba lililo nyuma ya kanisa. Karatasi ya shamba iliandikwa jina la Papa Evode, mwanamume aliyeishi naye, kwa kuwa mwandishi wa ofisi ya ardhi alikataa kuandika jina la mwanamke asiye na ndoa ya sheria.

Tukija kwenye ndoa, tangu tarehe 9 Agosti 1998 Libérata aliishi na Papa Evode, aliyeketi hapa mbele yenu, akamzalia Elodie mwaka 1999, Luc mwaka 2003 na Rukundo mwaka 2008, lakini mahari haikutolewa, état civil, ofisi ya kuandikisha ndoa, hawakufika, na kila alipomkumbusha alijibiwa, “Mwezi ya kuya njo tutaenda, Mama Elodie,” mwezi ambao kwa miaka ishirini na sita haukufika. Kwa hiyo penye tarehe ya ndoa familia haina cha kusoma, na aibu hiyo si ya marehemu.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Goma, na wakati marehemu yuko kitandani huko, Papa Munyakazi, kaka mkubwa wa Evode, aliita kikao cha ukoo, akawagawia wanawe mwenyewe shamba lile, akisema, “Ule mwanamuke iko mugeni tu.” Mgeni! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilishika jembe miaka yote hiyo, akamuuguza mama yao mpaka kaburini, na bado akaitwa mgeni. Evode alikuwepo kikaoni, akanyamaza.

Habari zilipomfikia, Libérata hakulia, alimwita kaka yake akamwambia, “Nikikufa wataleta mbuzi. Musipokee. Muombe karatasi ya shamba.” Alifariki tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Desturi yetu mnaijua, mwanamke asiyetolewa mahari hazikwi na wakwe mpaka mahari ikamilike, na kweli jana asubuhi Papa Munyakazi alifika na mbuzi kumi na wawili, kamba mkononi, ana haraka ya kumfanya mke wa ukoo maiti yule yule aliyemkana akiwa hai. Wajomba wa Buleusa walitaka kupokea, ndivyo walivyolelewa, lakini Théophile alikataa, mbuzi wakarudishwa, jeneza likakaa uani mpaka Papa Evode, akilia, alipotia sahihi mbele ya chefu wa kijiji na Baba Padri kwamba shamba ni la Libérata, na baada yake ni la watoto wake watatu. Karatasi ni hii hapa, nanyi nyote mlioisikia ni mashahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Goma, majirani waliotupikia, na wamama wa fromage, wenzake wa kazi, waliofunga vibanda siku tatu. Wakwe tunawashukuru kwa sahihi hiyo, kwa kuchelewa kwao hatuwashukuru.

Libérata, sasa tunakupeleka nyuma ya kanisa, kwenye udongo ulioununua mwenyewe. Pumzika kwa amani, uko kwako.