Bi Mwakani Anakabidhi Daftari

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya uvimbe adimu wa kichwa na shingo anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu. Lakini mimi ni daktari niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na huo uchangamfu naona unanigomea.

Wengi hapa hospitalini hawajui jina lake. Wanamwita Bi Mwakani, jina alilopewa na wagonjwa. Uvimbe tunaoshughulika nao sisi hauna haraka. Upo wa tezi za mate, upo unaoota kando ya mishipa mikubwa ya shingo, na mwingine hukaa kimya miaka kumi, mtu ameshasahau, ndipo unarudi. Ndiyo maana mgonjwa wetu haachishwi kliniki. Anapimwa, anapigwa picha, na akiwa salama anaambiwa arudi mwakani. Muuguzi huyu ndiye aliyekuwa akilisema neno hilo, huku akimfunga mtu vifungo vya shati kana kwamba ni mwanawe.

Aliletwa chumba namba nane, ndiyo kliniki yetu, kwa wiki mbili tu, kumshikia zamu mwenzake aliyejifungua. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Alikuta mafaili yamefungwa kwa kamba na hakuna ajuaye nani yu hai, nani kapotea. Akatafuta daftari kubwa, akaandika kila mgonjwa na namba tatu za simu: yake, ya jirani yake, na ya mtu anayemwogopa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotufaa. Kuna dereva wa lori aliyeingia mitini miaka miwili. Bi Mwakani hakuhangaika naye, alimpigia mama mkwe wake. Jumanne iliyofuata jamaa aliletwa, ametulia kama maji mtungini, na hajakosa kliniki tena.

Kwenye simu alikuwa na mtindo wake. Salamu, habari za watoto, kisha anamwomba mgonjwa ahesabu moja hadi ishirini. Sisi madaktari tulikuwa tunamcheka. Kumbe anasikiliza sauti, kama imekwaruza, kama mtu anasita kumeza mate. Mara tatu alimwita mgonjwa kabla ya tarehe yake, na mara zote tatu tulikuta uvimbe umerudi, ukiwa bado mdogo, wa kuweza kutolewa. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Ni yeye pia aliyekataa kioo kiondolewe ukutani. Utawala ulisema kinawaumiza wale ambao uso umelegea upande mmoja baada ya upasuaji. Yeye alikishusha kiwe usawa wa mtu aliyeketi, akawa anakaa nao kando. Alisema mtu akijiona mara ya kwanza awe na mwenzake, si peke yake nyumbani amejifungia.

Sasa nafika mahali ambapo ameniomba nisifike. Anisamehe.

Miaka sita iliyopita foleni yetu ilikuwa imefika ngazini. Nikaamua kwamba waliomaliza miaka kumi bila tatizo wasirudi tena. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwa ukali, mbele ya wanafunzi, kwamba daktari hapa ni mimi. Kisha nikachukua kalamu na kukata majina kumi na saba kwenye daftari lake, kwa mkono wangu.

Mmoja wao alikuwa seremala, tuliyemtoa uvimbe wa tezi ya mate chini ya sikio. Alifurahi kuruhusiwa hata akatutengenezea benchi. Miaka mitatu baadaye mkewe alimleta, uvimbe umerudi na umeshafika mapafuni. Shavu lilikuwa limekufa ganzi karibu mwaka mzima, lakini aliambiwa amepona, akaona haya kutusumbua. Alifariki baada ya miezi mitano. Bi Mwakani alikwenda kuzika. Mimi sikuwa na uso wa kwenda.

Wiki ileile seremala aliporudi, Bi Mwakani, bila kuniuliza, aliwapigia wale wengine kumi na sita na wote wakaja. Mwalimu mmoja wa chekechea tulimkuta na uvimbe mchanga, tukautoa, na leo anafundisha. Hilo Bi Mwakani halihesabu. Anachohesabu ni kwamba alipaswa kuendelea kumpigia seremala kwa siri. Utawala ulipomwomba abaki miaka miwili zaidi alikataa, akasema aliyempoteza mgonjwa namna ile hafai kushika daftari. Niliposikia niliumia sana. Miaka mitatu mizima nilimwacha ajilaumu kwa kosa langu, eti kwa kuwa hakuwahi kunitajia.

Juzi nilikwenda kwa mjane wa seremala, nikamweleza ninachoandika hapa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia mumewe alikuwepo chumbani siku ile, aliona nani ameshika kalamu, na hadi anakata roho hakumlaumu muuguzi. Alimlaumu daktari. Nikamwambia mumewe alisema kweli.

Dada yangu, wenzako wote wa chumba namba nane tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa. Ukiondoka tarehe thelathini ondoka mwepesi. Huo mzigo uuache hapahapa, mwenyewe yupo.