Kitabu cha Mapumziko cha Elisante Mchomvu

Elisante Mchomvu, tunayemzika leo hapa Jebel Ali, Dubai, alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Usangi, katika milima ya Upare, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Zedekiya na mama Naelijwa.

Alisoma shule ya msingi pale pale Usangi, kisha sekondari wilayani Same, akamaliza mwaka 2002. Barua za ukoo mzima aliziandika yeye, kwa kuwa mwandiko wake ulisifiwa. Mwandiko huo ndio uliokuja kumponza.

Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Rosina. Mungu akawajalia Agnes na Jotham.

Alifika Dubai Februari 2013, akaanza kazi Al Ras, kwenye duka la viungo ambako mimi mjomba wake nilikuwa hamali tangu 1986. Al Ras ile haikuwa na kitabu cha mapumziko. Arbab, yaani tajiri mwenye duka, alikaa mlangoni akimtazama kila mtu anavyopita na gunia. Akiona magoti yanatetemeka alisema, "Khalas, kaa," na chai ikaletwa. Hakuwa malaika, matusi yake tuliyala kila siku. Lakini alitutazama. Alipokufa, wanawe waliuza duka.

Mwaka 2017 Elisante akahamia ghala la baridi huku Jebel Ali. Sheria ilitaka kila mtu akishakaa saa moja ndani atoke nje dakika kumi apate joto. Ilibandikwa ukutani kwa lugha nne. Elisante akafanywa karani wa kuandika nani ametoka na saa ngapi. Meneja akamwagiza aujaze ukurasa wote asubuhi, kabla zamu haijaanza. Aliponiuliza, nilimjibu, "Andika, baba. Usijitafutie balaa ugenini." Akaandika miaka sita, na hakuna aliyetoka.

Wenzake walimwita Mwalimu. Jioni wakivua makoti, Gerishom wa Kakamega hakukosa kumchokoza:

"Mwalimu, leo nimepumzika saa ngapi?"

"Saa nne. Na saa sita tena."

"Na chai nilikunywa?"

"Vikombe viwili. Hata asante hukusema."

Wakacheka wote, naye akacheka nao.

Tarehe 21 Agosti 2023, saa nne na dakika tano asubuhi, Gerishom alianguka ndani, nyuma ya makasha ya samaki, glavu zake zimetoboka. Walichelewa kumwona. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikakatwa. Meneja akafungua kitabu: "Hapa yuko nje tangu saa nne. Hakuumia kazini." Mwezi wa nane, Dubai, mtu agande vidole nje! Na kwa maneno hayo Gerishom alikuwa arudishwe kwao kama aliyejiumiza mwenyewe.

Elisante hakuniuliza tena. Alikwenda ofisi ya kazi peke yake, akamwambia mkaguzi, "Mwandiko ni wangu, bwana. Na ni uongo, kuanzia ukurasa wa kwanza." Gerishom akapata haki yake na kazi ya getini. Ghala likapewa onyo, na onyo lenyewe likabandikwa ukutani. Elisante akatolewa mezani, akaingizwa ndani kubeba makasha. Kitabu akapewa karani mwingine.

Novemba 2024 alianza kukohoa. Tarehe 3 Januari 2025 Rosina, anayefanya usafi hotelini Deira, alimpeleka hospitali, mapafu yakiwa yamekwisha kuharibika. Siku moja alimwambia mkewe, "Ningeukataa ukurasa wa kwanza tu." Rosina akamjibu, "Wa mwisho uliukataa, baba Agnes." Alifariki tarehe 11 Februari, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini. Aliomba azikwe hapa ili wenzake waweze kufika.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu wanne, na mjomba aliyemwambia aandike.

Wenzake kumi na wawili wa ghalani wameruhusiwa saa moja kuja kumzika. Gerishom amenieleza kwamba saa hiyo imekwisha kuandikwa kitabuni tangu jana: mapumziko.

Apumzike Elisante kwa amani, na mara hii pasiwe na mtu wa kumwandikia.